MSEMA PWEKE HAKOSI
Somo juu ya kumpima mshauri wa biashara

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wasomaji, somo letu la mara hii si la tohara wala la mirathi, bali ni la sokoni. Asistaajabu mtu. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipotoa Sahifa na kisha Al-Islah hapa Mombasa katika miaka ya 1930, hakuona vibaya kuweka mambo ya ibada na mambo ya elimu na maisha ya watu katika kurasa zile zile, kwani Mwislamu ashikaye safu ya kwanza msikitini ndiye yule yule aendaye dukani baada ya kutoa salamu. Nasi twafuata nyayo hizo. Tutakalolizungumza ni hili: mtu akikujia akasema kwamba yeye ni mshauri wa biashara, akakupa maelezo ya maisha yake na ya kampuni aliyoianzisha, utajuaje kwamba ni mtu wa kufuatwa?

Sababu ya kuandika somo hili

Kuna kikundi cha akina mama wa Likoni, mama karanga, yaani wale wanunuao samaki kwa wavuvi, wakawakaanga na kuwauza. Kwa muda wa miaka 6 waliweka akiba ya pamoja, kidogo kidogo, hata zikatimia shilingi 340,000. Mwaka jana alitokea kijana mmoja mwenye adabu na ulimi mzuri, naye ana kitabu kidogo chenye picha za rangi. Katika ukurasa wa kwanza mna tarjama yake: yeye ni mwanzilishi na mkurugenzi, amefanya kazi ya biashara Dubai, ameshughulika na makampuni makubwa, na amepewa vyeti. Akatuomba tumtambulishe kwa watu baada ya sala ya Ijumaa, nasi tukamtambulisha. Tulisema maneno machache tu: huyu ni kijana wetu, anasali nasi, ni mtu mwema. Maneno hayo hayakuchukua hata dakika moja. Akina mama wakayasikia kwa kipaza sauti, wakamwendea.

Kijana aliwashauri waache kukaanga, wakodi duka Changamwe, wanunue friza mbili, na wawauzie wenye mikahawa samaki wa barafu. Duka likafunguliwa mwezi wa Mei. Na kila aliyezaliwa pwani ajua Mei ni nini. Ni kusi. Bahari yachafuka, vyombo vidogo havithubutu kutoka nje ya mwamba, na samaki huwa haba na ghali mpaka upepo ugeuke. Friza zikakaa na barafu tupu, na huku umeme walipiwa na kodi ya duka yalipiwa. Ilipofika Agosti fedha zilikuwa zimekwisha.

Tulipouliza, baada ya maji kumwagika, ndipo tulipojua kwamba kule Dubai kijana alikuwa mtunza stoo kwa miaka 4. Kwamba kwa yale makampuni makubwa alihudhuria mafunzo ya siku chache. Na kwamba hakuwahi kumshauri hata mtu mmoja katika biashara ya samaki. Hakuiba shilingi. Ujira wake aliuchukua kwa mapatano. Wala hakusema uwongo ulio wazi, bali aliyapanga maneno ya kweli yakatoa sura isiyo ya kweli. Kosa la kwanza, basi, twalichukua sisi, tuliosimama mbele za watu tukamshuhudia mtu kwa jambo tusilolijua.

Tarjama ni neno la mtu juu ya nafsi yake

Wazee wetu walisema: msema pweke hakosi. Akisema peke yake, nani atamrudi? Tarjama ambayo mtu amejiandikia ni msema pweke huyo. Humo hamna biashara iliyofilisika, wala mteja aliyeondoka kwa hasira, wala mwaka ambao mwandishi alikaa bure. Mara nyingi mna neno «mwanzilishi», na neno hilo halionyeshi kitu zaidi ya kuwa mtu ameanzisha. Kuanzisha ni kwepesi. Aliyeanzisha jana na aliyeendesha miaka 20 wote wawili huitwa kwa jina hilo.

Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratun Najm, aya ya 32, tusijitakase wenyewe, kwani Yeye ndiye amjuaye zaidi aliye mcha Mungu. Huenda mtu akauliza: Je, Nabii Yusuf hakujisifu mbele ya mfalme wa Misri, akaomba awekwe juu ya hazina za nchi kwa kuwa yeye ni mwenye kuhifadhi na mwenye kujua? Twajibu: ndiyo, tena ni hoja yetu sisi. Soma aya zilizotangulia maneno hayo. Mjumbe wa mfalme alipomwendea gerezani, Yusuf hakutoka. Alitaka kwanza kesi yake ichunguzwe, na wale wanawake waulizwe. Wakaulizwa, wakamshuhudia kwamba hawakujua uovu wowote kwake, na mke wa Mheshimiwa akakiri kosa lake. Na kabla ya hapo ujuzi wake ulikwisha kudhihiri kwa kufasiri ndoto ambayo wakuu wote walishindwa nayo. Basi alipojieleza, ushahidi wa watu ulikuwa umetangulia mbele ya neno lake. Washauri wetu wa leo hutanguliza neno lao, na ushahidi haufuati.

Masharti mawili yasiyotengana

Umma huu ulijaliwa elimu ambayo haikutangulia kwa umma mwingine, nayo ni elimu ya kuwapima wapokezi wa hadithi, iitwayo jarhi na taadili: jarhi ni kutaja ila ya mpokezi, na taadili ni kumthibitisha. Maimamu kama Yahya bin Main, aliyefariki Madina mwaka 233 wa Hijra, walitumia umri wao kuuliza habari za watu: fulani alizaliwa lini, alisafiri wapi, ni kweli alikutana na yule anayedai kumsikia, na je, akili yake ilibakia sawa uzeeni? Hawakumwuliza mpokezi peke yake. Waliwauliza wenziwe na watu wa mji wake, na wakayalinganisha maneno yake na ya wengine.

Nao waliweka masharti mawili. La kwanza ni uadilifu, yaani dini na ukweli wa mtu. La pili ni dhabti, yaani kulihifadhi na kulijua vizuri lile analolisema. Moja halitoshi bila ya jingine. Imam Malik amepokewa akisema kwamba aliwakuta Madina watu wema wengi, ambao lau mmoja wao angekabidhiwa hazina ya mali angeonekana mwaminifu, wala yeye hakupokea hadithi kwao, kwa kuwa hawakuwa watu wa kazi hiyo. Tazama maneno haya na ukumbuke sisi tulivyosema pale msikitini. Sisi tulimshuhudia kijana kwa sharti la kwanza, na akina mama wakadhani tumemshuhudia kwa yote mawili.

Na masharti hayo yamo katika Qurani. Binti wa yule mzee wa Madyan alipomwambia babake amwajiri Nabii Musa, alitaja mambo mawili: nguvu na uaminifu (Suratul Qasas, aya ya 26). Wala hakuyasoma katika karatasi. Alikwisha kumwona akiwanyweshea wanyama kisimani penye msongamano wa watu, na akauona mwendo wake.

Usidhani kwamba ni watu wa Likoni peke yao wanaokosea hapa. Marekani mwaka 2003 msichana wa miaka 19 aliacha masomo ya chuo kikuu, akaanzisha kampuni iitwayo Theranos, akidai kupima maradhi mengi kwa matone machache ya damu. Katika baraza la kampuni wakaketi watu wa sifa kubwa, miongoni mwao Henry Kissinger na George Shultz, ambao wote wawili walikuwa wamepata kuwa mawaziri wa mambo ya nje wa nchi yao. Matajiri wakatoa mamilioni. Lakini wale walikuwa watu wa siasa, si watu wa kupima damu, na majina yao hayakushuhudia kitu juu ya ile mashine. Kampuni ikafa mwaka 2018, na mwaka 2022 mwanzilishi akapatikana na hatia ya kuwalaghai waliompa mali, akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Ni somo lile lile la Imam Malik: usitake ushahidi wa jambo kwa asiye wa jambo hilo, hata awe mkubwa kiasi gani.

Ni nani ushahidi wake wakubalika?

Yapokewa kwamba mtu mmoja alikuja kutoa ushahidi mbele ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Umar akamwambia kuwa hamjui, na amlete mtu amjuaye. Mwingine akasema kwamba yeye amjua kwa uadilifu. Umar akamwuliza mambo matatu: Je, ni jirani yako wa karibu, ajuaye kutoka kwake na kuingia kwake? Akasema, La. Umepata kuamiliana naye kwa dinari na dirhamu? Akasema, La. Umesafiri naye? Akasema, La. Umar akamwambia kwamba basi hamjui mtu huyu.

Kisa hiki chatosha kuwa mizani. Sisi tulimjua kijana wetu kwa safu ya sala, na safu ya sala si katika yale matatu. Na mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wameifuata mizani hiyo. Imam Nawawi katika Minhaji ameshurutisha kwamba amthibitishaye shahidi awe amjua kwa ndani, kwa kusuhubiana naye, au kwa ujirani, au kwa muamala. Tena haukubaliki ushahidi wa mzazi kwa mwanawe wala wa mwana kwa mzaziwe, wala wa mtu anayejivutia faida kwa ushahidi wake.

Zitie kanuni hizi katika mambo ya leo. Mshauri akikuonyesha maneno ya watu wanaomsifu, uliza: Huyu asifuye ni nani kwake? Akiwa ni ndugu yake, mshirika wake, au mtu apataye fungu kwa kila mteja amletaye, maneno yake hayahesabiwi. Akiwa hajulikani ni nani, nayo hayahesabiwi. Na wale wanaotiwa makusudi katika makundi ya simu ili waandike kwamba wamefaidika, ilhali hawakununua wala hawakuuza, hao tunawaona ni ndugu wa yule afanyaye najshi, ambayo Mtume (S.A.W.) ameikataza: mtu kupandisha bei ya kitu asichotaka kukinunua, ili mwingine aingie mtegoni. Lakini ukimpata mwenye duka wa Kongowea aliyemlipa mshauri yule kwa fedha zake, akakaa naye mwaka mzima, na sasa hana faida kwake, neno moja la mtu huyo lashinda vitabu kumi vya picha.

Karatasi zathibitisha nini?

Hatusemi kwamba karatasi hazina maana. Twasema kila karatasi yashuhudia jambo lake tu, wala haivuki. Cheti cha kuandikisha jina la biashara chaonyesha kwamba jina limeandikishwa. Ikiwa ni kampuni, waweza kuomba kwa Idara ya Usajili wa Biashara, kwa njia ya eCitizen, hati iitwayo CR12, ambayo hutaja wakurugenzi na wenye hisa. Utaona kwayo kama huyo ajiitaye mkurugenzi yumo, na ni nani walio pamoja naye. Asemaye ni mhasibu wa kuhitimu, jina lake laweza kuulizwa kwa taasisi ya wahasibu, ICPAK. Atakaye kukuwekezea mali yako katika hisa au fedha za kigeni, tazama orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Anayepokea amana za watu kwa jina la Sacco, uliza SASRA. Mambo haya si ya kumwonea mtu haya. Mkweli hufurahi kuulizwa.

Lakini baada ya karatasi, bado kazi ya kuuliza haijesha. Mwaka 2025 ilitolewa taarifa ya ukaguzi wa KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo wa nchi yetu, iliyoonyesha kwamba shilingi bilioni 13.3 zimepotea, na kwamba hesabu zake zilitiwa sahihi kwa jina la mkaguzi aliyekuwa amekwisha kufa. Ikiwa chama cha vyama vyote kilikuwa na karatasi za namna hiyo, je, cheti kilichotundikwa ukutani katika chumba kimoja cha kupanga?

Vazi la dini

Na hapa twafika penye jambo linalotuhusu sisi Waislamu zaidi ya wengine. Katika miaka ya 1980 Misri ilijaa makampuni yaliyojiita ya Kiislamu, yaliyokusanya akiba za watu na kuahidi faida kubwa isiyo na riba. Mashuhuri kabisa lilikuwa Al-Rayan. Wenye nayo walifuga ndevu na kushika tasbihi, na baadhi ya watu wa elimu wakaonekana pamoja nao. Mwaka 1988 serikali ikatoa sheria nambari 146 ya kuyadhibiti, na hesabu zilipofunuliwa watu wengi sana walikuta akiba zao hazipo, wakiwemo waliouza dhahabu za wake zao na waliofanya kazi ugenini miaka mingi.

Somo hilo halikushikwa. Katika mji wa Bengaluru, Bara Hindi, kulikuwa na kampuni iitwayo I Monetary Advisory, ambayo katika jina lake yenyewe mlikuwa na neno ushauri. Ilianza mwaka 2006, ikasema kuwa faida yake ni halali kwa sharia. Mwezi wa Juni 2019 mwanzilishi wake akakimbilia Dubai, na mwezi uliofuata akarudi akakamatwa. Walioachwa na hasara walikuwa makumi ya maelfu, na wengi wao Waislamu wenye kipato kidogo.

Wala tusiwacheke wa mbali. Hapa Kenya, katika miaka ya 2006 na 2007, ile michezo ya kupanda fedha ilienea nchi nzima, na tume iliyoundwa na serikali ilikuta kwamba watu zaidi ya laki moja walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Wengi walivutwa na jirani, na mwenzi wa kazini, na mwenzi wa ibada. Mtu hamwogopi amjuaye kwa sura. Kwa hiyo neno «halali» na neno «ndugu yetu» yasiwe kifunga mdomo. Yawe ni sababu ya kuuliza zaidi, kwani adaiye kufanya kazi kwa jina la Mwenyezi Mungu amejitwika mzigo mkubwa zaidi.

Masuali ya kumwuliza mshauri

Mwenye kutaka ushauri na aulize haya, tena aandike majibu:

1. Ni nani uliowashauri katika biashara kama hii yetu, na katika miji kama huu wetu? Tupe watatu tuwaendee, na mmoja wao awe ni yule ambaye mambo hayakumwendea vizuri.

2. Katika hayo uliyoyataja, kazi yako mwenyewe ilikuwa ipi, na tangu lini hata lini? Kufanya kazi katika jumba kubwa si kulijenga.

3. Ujira wako ni kiasi gani, na ni nani mwingine akulipaye? Sharti la ijara ni ujira ujulikane. Akiwa apata fungu kwa auzaye friza, au kwa akopeshaye fedha, huyo ni dalali aliyevaa kanzu ya mshauri, na ni haki yako kulijua hilo kabla ya kulipa. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba atakwaye ushauri amewekewa amana. Basi hawezi kuiuza amana hiyo kwa upande wa pili.

4. Ni jambo gani laweza kutupotezea mali hii? Ajuaye kazi atakutajia mara moja: kusi, umeme, mteja asiyelipa. Asiyejua atakwambia kwamba hapana hofu.

5. Ni jambo gani hulijui? Imam Malik aliulizwa masuala mengi na mtu aliyetoka safari ya mbali, na mengi katika hayo akajibu kwamba hajui, wala daraja yake haikushuka. Mshauri ajuaye kila kitu, mwogope.

Kisha mapatano yaandikwe na yashuhudiwe, kama ilivyoamrishwa katika aya ya deni, Suratul Baqara, aya ya 282. Na kazi ianze ndogo. Lau akina mama wangekodi friza moja kwa mwezi mmoja pale pale Likoni, hasara yao ingekuwa ni ya kujifunza, si ya kulia. Na kabla ya yote, wangemwuliza mvuvi mzee aliye karibu nao, ambaye hana kitabu cha picha wala hajiiti mkurugenzi.

Je, kuuliza habari za mtu si kusengenya?

Wengi hunyamaza kwa hofu hii. Twaulizwa, Fulani ni mtu gani? Nasi twajua, lakini twasema, Mungu amjua zaidi, kisha twaona kuwa tumecha Mungu. Hivi sivyo. Bibi Fatima binti Qays (R.A.) alimwendea Mtume (S.A.W.) kumtaka shauri juu ya Muawiya na Abu Jahm, waliomposa. Mtume akamweleza kwamba mmoja ni fukara asiye na mali, na mwingine haiweki fimbo chini, kisha akamwelekeza kwa Usama. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim. Na Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin amehesabu mahali sita ambapo kumtaja mtu kwa ila yake kwaruhusiwa, na miongoni mwao ni kuwaonya Waislamu na kumnasihi atakaye shauri.

Ila jambo hili lina mipaka. Asemaye na aseme alilolijua mwenyewe, si alilolisikia. Na aseme kwa kadiri ya haja, bila ya kuzidisha. Na atoe sababu, kwani mafakihi hawakubali jarhi isiyo na sababu. «Huyo hafai» si ushahidi. «Nilimpa hesabu zangu, akazikawiza miezi mitatu, nikatozwa faini», huo ni ushahidi. Na neno la mshindani wake wa biashara lisipokelewe kwa haraka, kama usivyokubaliwa ushahidi wa adui juu ya adui wake.

Na asiyejulikana asihesabiwe kuwa mwongo. Muhaddithina walimwita mtu kama huyo majhuli, nao wakasimama juu yake: hawakumkubali wala hawakumtupa, mpaka habari zake zibainike. Kijana aanzaye leo katika Kisauni au Changamwe, asiye na watu wa kumshuhudia, ana haki ya kupewa kazi ndogo ambayo itamshuhudia. Tusimfungie mlango, wala tusimpe akiba ya miaka 6.

Mwisho

Ali bin al-Madini, mwalimu wa Imam Bukhari, aliulizwa juu ya babake mzazi katika upokezi wa hadithi. Akasema waulizwe wengine. Walipomrudia akainamisha kichwa, kisha akakiinua, akasema kwamba jambo hili ni dini, na babake ni dhaifu. Sisi tumekumbushwa na kisa hicho, na kijana wetu si babetu. Kwa hiyo twasema wazi katika kurasa hizi: ushuhuda tulioutoa siku ile tumeuondoa. Twajua kwamba anasali. Kwamba ni mshauri wa biashara ya samaki, hatulijui, wala hatukulijua siku ile.

Akina mama tumewaendea nyumbani, tukawaomba radhi. Wamerudi kwenye makaango yao, na kaskazi ikivuma riziki yao haitapotea, inshallah. Na darasa letu limeazimia kwamba hapana mtu atakayetambulishwa kwa kipaza sauti kwa ajili ya biashara yake, hadi wapatikane watatu walioamiliana naye kwa fedha, nao waseme walichokiona.

Na yule kijana, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, hakukimbia. Alikuja tukaketi naye, tukaifungua ile tarjama, tukaipitia neno kwa neno. Kila lisilokuwa na shahidi alilikata kwa kalamu. Ulipomalizika ukurasa lilibaki jambo moja: alitunza stoo miaka 4, na mabwana zake wa huko wako tayari kusema kwamba bidhaa haikupungua. Tukamwambia, hili ndilo la kuandika. Wenye maduka wangapi katika Likoni na Kisauni wanaibiwa na panya na unyevu na vijana wao, kwa kuwa hapana aliyewafundisha kutunza stoo? Sasa ameanza na duka moja. Tukiulizwa habari zake mwaka ujao, tutamwelekeza muulizaji kwa mwenye duka hilo.

Wazee wamesema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, na atupe ndimi zisizoshuhudia ila kwa lile tulijualo. Amin.